Dirisha la angani, kesho litakuwa la nani?

Wanaanga wakirudi duniani huja na kauli moja: kule juu hawakuona mipaka. Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, aliyeruka na chombo cha Discovery Juni 1985, alieleza kwamba siku za mwanzo kila mtu alikuwa akionyesha nchi yake, baada ya siku chache wakawa wanaonyesha mabara, na mwisho wakabaki na dunia moja. Kauli hiyo imependwa, na naelewa kwa nini. Lakini mimi nimesomesha jiografia Unguja mpaka nikastaafu, na kazi ya msomesha ramani ni kubishana na kauli zinazopendwa. Mipaka inaonekana. Inataka usiku uingie tu.

Agosti 2011 wanaanga waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga walipiga picha ya Bara Hindi usiku. Miji imetapakaa kama kawaida, na baina yake unapita mstari mrefu wa rangi ya chungwa usiofuata mto wala barabara. Ni taa za uzio ambazo India imezisimamisha mpakani na Pakistan. Januari 2014 ikapigwa nyingine juu ya Korea: Kusini kunawaka, China kunawaka, na katikati Korea Kaskazini ni giza tupu lenye nukta moja ya Pyongyang, hata asiyejua atadhani pale ni bahari. Chris Hadfield wa Canada naye mwaka 2013 aliipiga Berlin: mashariki taa za manjano, magharibi taa nyeupe. Ukuta ulianguka 1989, ila mafundi wa taa hawajapewa taarifa.

Na hata mchana, ukijua pa kutazama, utaona. Pale Rwanda inapokutana na Congo na Uganda, msitu wa milima ya volkano unakoma ghafla na mashamba yanaanza. Huku kijani kilichoiva, huku viraka vya viazi na pareto, na ukingo baina yao umechorwa na sheria ya hifadhi, si na mvua. Ukivuka bahari hadi Madagascar, Mto Betsiboka unamwaga baharini udongo mwekundu kutoka kwenye vilima vilivyokatwa miti, na wapo wanaanga walioutazama wakasema kisiwa kinatoka damu.

Siyasemi haya kuwadharau waliokwenda. Nasema kwa sababu picha zile zina kazi kubwa kuliko kutuliza nyoyo. Ni ushahidi wa nani ana umeme na nani hana, nani kakata na nani kaacha. Na ushahidi huo mpaka leo ni bure: picha wanazopiga wanaanga wa NASA huwekwa wazi kwa umma, na mtu yeyote mwenye intaneti, awe Mkoani au Mbeya, anaweza kuzichukua na kuzitumia. Hofu yangu ni ya kesho, nami nitaifikia. Kwanza tulijue dirisha lenyewe.

Kuna madirisha kadhaa kituoni, lakini linalotajwa zaidi ni Cupola. Lilijengwa Italia, mjini Torino, kwa mapatano ya kubadilishana huduma baina ya shirika la anga la Ulaya na NASA, likapelekwa Februari 2010 na chombo cha Endeavour. Ni kuba ya upana wa karibu mita 3 na kimo cha mita moja na nusu, imegeuzwa ikaelekea duniani, hivi kwamba anayeingiza kichwa humo dunia inakuwa mbele ya uso wake. Vioo ni saba: sita vya pembeni, na kimoja cha duara katikati chenye upana wa sentimita 80. Kila dirisha lina tabaka nne. Ya ndani ni ya kupokea mikwaruzo ya watu na kamera zao, mbili nene zinabeba mkandamizo wa hewa, na ya nje inapokea mapigo ya takataka zinazoelea angani. Mapigo hayo si hadithi. Mwaka 2016 Mwingereza Tim Peake alipiga picha ya kovu la milimita 7 kwenye kioo kimojawapo, na shirika la Ulaya likaeleza kuwa huenda lilisababishwa na chembe ya rangi au ya chuma isiyozidi sehemu chache za elfu moja ya milimita. Kituo kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa. Kwa mwendo huo hata chembe ya rangi inajeruhi. Ndiyo maana kila dirisha lina kifuniko chake kwa nje, na mwanaanga hukifungua na kukifunga kwa kuzungusha kitasa akiwa ndani.

Kazi yake rasmi si mandhari. Humo hukaa mtu anayeendesha mkono mkubwa wa roboti uliotengenezwa Canada, akiangalia vyombo vya mizigo vinavyokaribia. Mandhari ni bahashishi.

Na bahashishi hiyo haikutolewa kwa hiari. Tangu mwanzo wahandisi hawakuyapenda madirisha, kwa sababu dirisha ni uzito, ni gharama, na ni mahali pa kuvuja. Alan Shepard aliporuka Mei 1961 alipewa vitundu viwili vidogo na periskopu. Wanaanga walidai dirisha la kueleweka, mbele ya uso wa rubani, na Gus Grissom ndiye aliyeruka nalo mara ya kwanza Julai mwaka uleule. Kituo cha Skylab kilipokuwa kikiundwa, aliyeng'ang'ania chumba cha kulia kipate dirisha alikuwa mbunifu wa vitu vya nyumbani na magari, Raymond Loewy.

Sisi Unguja tulikuwa karibu na mambo hayo kuliko vijana wetu wanavyojua. NASA ilihitaji masikio kila pembe chombo kinapopita, na kituo kimojawapo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, vile vya akina Shepard na Grissom, kikajengwa Tunguu. Februari 20, 1962, John Glenn alipozunguka dunia mara tatu, aliivuka Afrika, akazungumza kwa redio na waliokuwa kituo cha Zanzibar, kisha akatokeza Bahari ya Hindi na huko akakutana na machweo yake ya kwanza. Alikuwa na kamera ndogo aliyoinunua mwenyewe dukani Florida. Kwa hiyo machweo ya mwanzo ambayo Mmarekani aliyatazama akiwa katika kuizunguka dunia yalikuwa ya bahari hii tunayoogelea.

Hapa chini habari ilikuwa nyingine kabisa. Mkataba wa kituo kile ulifungwa baina ya Marekani na Waingereza. Siasa zilichemka wakati ule, wapo walioamini ile ni kambi ya makombora, na jambo likapigiwa kelele kwenye mikutano ya hadhara. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikafungwa na mitambo ikaondolewa. Wazee walionisimulia nilipokuwa kijana hawakuwa na habari ya Glenn wala ya machweo. Walichokijua ni ua na mlinzi. Mimi siwalaumu. Ardhi ilikuwa ya kwao, mitambo imekaa kwao, na alichokiona yule bwana alipokuwa juu ya vichwa vyao hakuna aliyekuja kuwaonyesha.

Alichokiona ndicho kiini cha mambo, maana kiu ya kutazama nje haina adabu. Mwanzoni mwa Januari 2004 ilionekana kwamba hewa ndani ya Kituo cha Kimataifa inapungua taratibu. Waliokuwamo walikuwa wawili tu, Michael Foale na Alexander Kaleri. Wakapekua kwa siku kadhaa, chumba baada ya chumba, mpaka wakasikia panapovuja: kwenye bomba jembamba linalopindika lililounganishwa na dirisha la maabara ya Destiny, kazi yake kuzuia unyevu usigande baina ya vioo. Na kwa nini bomba lile liliharibika? Wataalamu waliona kwamba lilikuwa likishikwa. Mtu akielea mbele ya dirisha huhitaji kitu cha kujizuia asichukuliwe, na bomba lilikuwa pale pale, usawa wa mkono. Watu wazima, waliosomeshwa kwa miaka, waliofundishwa kila skrubu ya chombo, walikuwa wakining'inia kwenye bomba la hewa ili watazame makwao.

Watafiti wa NASA walipozichambua picha za safari za miaka ile, walikuta zaidi ya nane katika kila kumi zilipigwa na wanaanga kwa hiari yao, si kwa agizo la ardhini. Donald Pettit, aliyekuwa huko mwaka 2002 na 2003, alitaka kupiga miji usiku, lakini ardhi inakimbia chini ya dirisha zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde na taa zote zinatoka zimevutika. Akakusanya vipuri vya mabaki, akaviunga na keekee ya umeme, akapata kitako cha kugeuza kamera pole pole kuufuata mji. Picha za miji usiku zikaanza kutoka safi. Hakuna wizara iliyomtuma.

  

Nilikuwa nikichapisha picha za namna hii na kuzipeleka darasani, kwa wino wangu, kwa sababu zile za vitabuni zilikuwa nakala ya nakala, ziwa na msitu vyote vijivu. Picha ya Unguja kutoka kituoni ina mambo mengi kuliko ramani ya ukutani. Upande wa mashariki mwamba wa nje unaonekana kama uzi mweupe, mahali mawimbi yanapovunjika, na nyuma yake maji mafupi yana rangi ya samli iliyoyeyuka juu ya kijani. Kusini ya ghuba ya Chwaka ni kijani cheusi cha mikoko, na ukifuata weusi huo unaingia Jozani. Magharibi maji yana rangi nzito, mkondo wa kuelekea bara. Binti mmoja wa Chwaka aliitazama muda mrefu, akaweka kidole. "Mwalimu, hapa ndipo mama anapolima mwani." Nikamwuliza amejuaje. "Kwa sababu hapa maji yakitoka, yanatoka yote." Alikuwa amesoma kina cha bahari kwa rangi, somo ambalo nilikuwa nimelipangia wiki iliyofuata.

Atatokea mtu aseme: Mwalimu, setilaiti zipo, zinapiga kila siku, na picha za Landsat ni bure tangu 2008. Kweli, na kwa kupima eneo la msitu au kuhesabu hekta, setilaiti ndiyo yenye hoja. Lakini nyingi za setilaiti hizo hutazama chini wima na hupita juu ya mahali saa ileile ya mchana. Kituo kinapita asubuhi leo, kesho kutwa jioni, wiki nyingine usiku wa manane. Na mtu hutazama upande. Huiona Kilimanjaro na kivuli chake, huona mawingu yalivyosimama, huacha alichoagizwa akapiga moshi alioushangaa. Njia ya kituo imeinama nyuzi 51.6 kwa ikweta, maana yake Afrika Mashariki yote iko chini yake, kutoka Moroni mpaka Mogadishu, na hakuna kijiji chetu kisichowahi kupitiwa.

Nacho huhitaji tiketi kukiona. Baada ya Maghribi kuna siku nuru moja kali, isiyopepesa wala kutoa sauti, huchomoza magharibi, ikavuka anga kwa dakika zisizofika saba, kisha ikafifia ghafla katikati ya njia. Sisi tumeshaingia gizani, yenyewe iko kilomita 400 juu bado inapigwa na jua. Ikifika kwenye kivuli cha dunia inazimika. Jirani yangu barazani nilimwonyesha. Akasema, "Mwalimu, hayo ni ya wenzetu, sisi tutie chai." Tukatia chai. Lakini sikukubaliana naye. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa angani kutoka mlango wa kituo hichohicho, upande wa Wajapani. Rwanda ikafuata 2019, Uganda 2022. Vitu vyetu vimepita mle, ila macho yetu bado.

Sasa nije kwenye hofu. Kituo kimezeeka. Watu wameishi humo bila kukatika tangu Novemba 2000, na mpango wa NASA ni kukitumia mpaka 2030, kisha kukishusha kianguke Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2024 kampuni ya SpaceX ilipewa kandarasi ya kutengeneza chombo cha kukivuta chini. Pahala pake panatarajiwa vituo vya makampuni, na NASA itakuwa mteja miongoni mwa wateja. Makampuni yameshajua mteja anataka nini. Septemba 2021, katika safari ya Inspiration4 iliyolipiwa na tajiri mmoja wa Marekani, chombo kilifungwa kuba ya kioo puani ili abiria watazame. Na Mwafrika wa kwanza kufika kituoni, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mwaka 2002, alikwenda kwa fedha zake, kiasi cha dola milioni 20.

Sina ugomvi na biashara. Mtu akijenga dirisha kwa fedha zake, dirisha ni lake. Ninalouliza ni juu ya picha. Picha ya mwanaanga wa serikali ya Marekani huwa ya umma kwa sababu umma ndio uliolipa. Picha ya abiria aliyekata tiketi ni ya abiria, au ya kampuni, kulingana na waliyotia saini. Mafuriko ya Rufiji yakipigwa kutoka dirisha la kukodi, nani atatuuzia? Na kwa bei gani?

Wapo watakaosema hatuna cha kujadiliana nacho. Tunacho, na ni kile kile tulichokuwa nacho 1962: ardhi. Chombo chochote kinachozunguka dunia kinahitaji antena chini, na pwani iliyo karibu na ikweta, yenye bahari wazi mashariki yake, haipatikani kila mahali. Waitaliano wanalijua hilo. Wako Malindi tangu miaka ya sitini, na kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo, Desemba 12, 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksi kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku ile, siku ya uhuru wa Kenya. Mpaka leo Italia na Kenya wana mkataba juu ya kituo kile. Nchi iliyoijenga Cupola inapanga kwetu.

Basi safari hii tuombe. Kenya ina shirika lake la anga, na Umoja wa Afrika umezindua shirika la bara zima mjini Cairo mwaka 2025. Kampuni au nchi ikija kutaka uwanja wa antena Malindi, Mtwara au Pemba, pamoja na kodi ya ardhi iandikwe sentensi moja: kila picha ya nchi yetu itakayopigwa kutoka dirisha la chombo kinachohudumiwa na antena hii iwekwe wazi, bila malipo, kwa shule na vyuo na kwa watu wa maafa. Wakitaka kuchelewesha mwaka mmoja ili wauze kwanza, na tukubali. Mkataba wa Tunguu hatukuulizwa, huu tutaulizwa.

Na tusiseme kuweka wazi hakuwezekani. Zanzibar tumelifanya wenyewe: mradi wa kuchora ramani ya visiwa kwa ndege zisizo na rubani, ulioanza 2016, ndege zake zilirushwa na vijana wetu, wengine wa Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, na picha zake zikaachwa wazi. Mpimaji, mvuvi, mwenye mzozo wa kiwanja, kila mmoja anaweza kuzitazama.

Kampasi kuu ya SUZA iko Tunguu. Wanafunzi wa jiografia pale wanaweza kuanza hata muhula ujao, kabla kituo hakijashushwa, na kabla ya mkataba wowote. Kwenye hazina ya picha za wanaanga kuna mamilioni ya picha, na nyingi bado hazijaandikiwa ni za wapi hasa. Kompyuta haitawajulisha ni Mnemba au Chumbe, ni Micheweni au Wete. Inataka mtu anayepajua.